Mahali pa Kumpeleka Mama na Mchumba Wake

Pale ofisini kwetu Kitale, mimi ndiye mtu wa hoteli. Sina hoteli, hata kibanda cha chai sina. Ninajua tu mahali pa kula. Wageni wa kaunti wakija kutoka Nairobi na viatu vyao vinavyoogopa matope, ni mimi ninayeulizwa wapelekwe wapi. Mtu akikosana na bibi yake anakuja kwa meza yangu kabla hajaenda kwa pasta, nami ninamtuma kule kwenye samaki mkubwa wa kukaanga, kwa sababu mtu anayetoa mifupa mdomoni hawezi kugombana vizuri. Kamati ya matanga inahitaji viti vya plastiki, birika kubwa, na mwenye hoteli asiyenuna mkikalia chai moja mpaka jua ligeuke. Kesi ya shamba inahitaji kelele, ili meza ya pili isisikie. Na kuna mama mmoja karibu na soko ambaye chapo zake na maharagwe ya madondo vinamfanya mtu asahau cheo. Huko sipeleki mgeni yeyote. Huko najipeleka mwenyewe.

Kwa hivyo mama aliponipigia simu kwamba nimtafutie hoteli, sikushtuka. Nilimuuliza kama ninavyowauliza wote.

"Ni ya shughuli gani?"

"Ya kula."

"Najua ni ya kula, mama. Ni akina mama wa kanisa? Mko wengi?"

"Tuko watatu. Mimi, wewe, na mzee fulani wa Tongaren."

Mzee fulani! Mama yangu anaishi peke yake Kibomet, na watu fulani hufika pale kila wiki wakiuza dawa ya ng'ombe, bima, na maji ya kuondoa sukari mwilini. Nikamuuliza huyu naye anauza nini.

"Hauzi kitu. Anataka kunioa," akasema mama, kwa sauti ile ile ya kuniambia mahindi yamekauka. "Nimemwambia sitamjibu mpaka akule na wewe meza moja. Nataka kuona vile mtakaa. Mkikaa vibaya, nitamwambia hapana, na hiyo maneno iishe."

Simu ikakatika. Ama aliikata. Mama akimaliza yake huwa amemaliza.

Nilikasirika, wacha niseme. Mtu mzima, mwenye mke na watoto na mvi mbili tatu, niliudhika kama mtoto aliyeambiwa mgeni atalala kwa kitanda chake. Baba alikuwa amekufa miaka mingi. Mwaka ule wa kwanza, baba mdogo alikuja na maneno ya mila, kwamba mjane hakai hivi hivi, hurithiwa, na mama akamtoa nje ya nyumba kabla chai yake haijapoa. Sisi watoto tulimshangilia. Tukajiambia, basi, mama hataki mwanaume. Kumbe alikuwa hataki baba mdogo.

Nikamwambia mke wangu nikitegemea anionee huruma. Alicheka mpaka akaketi.

"Na wewe unataka akae na ng'ombe mpaka lini? Kibomet kwenyewe unaenda Krismasi."

"Uongo! Naenda hata Pasaka."

"Haya, mwenye Pasaka. Mtafutie mama hoteli."

Nikarudi kwa mama kuuliza kwa nini tusikutane nyumbani, tumalize. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amefikiria mambo yote. Nyumba ya Kibomet aliijenga baba, na mama hangemkaribisha mwanaume mwingine akalie viti vya baba. Kule Tongaren nako kulikuwa na jikoni ya marehemu mke wa mzee. "Siendi kukagua sufuria za mwenzangu na yeye hayuko wa kujibu," akasema. Kwa hivyo hoteli, tena mbali na macho ya watu, maana alikuwa hajamjibu. Akanieleza pia kwamba mzee ni mtu wa kilimo na huimba besi kwenye kwaya, na vile walivyojuana: kwenye foleni ya mbolea. Jua lilikuwa kali, mzee akamwambia akae kivulini, yeye atamshikia laini. Akamshikia. Zamu ya mama ilipofika, mzee aliita jina lake kwa adabu sana, akiweka "mama" mbele. Wengine huanzia kwa maua, huyu alianzia kwa mbolea.

Nilianza na Kitale, na Kitale ikaniaibisha. Huu ni mji mkubwa mpaka siku unapotaka kujificha. Hoteli yangu ya wageni wa kaunti ilikuwa imejaa akina mama wa kanisa, vitambaa vyao kichwani, wakikata keki ya mtu. Mmoja aliniona mlangoni akapiga kelele, "Mwana wetu! Mama yuko wapi?" Nikatoka kama mwizi. Ile yenye bustani ilikuwa na watoto wanaoruka kwenye jumba la upepo huku baba zao wakiangalia simu. Mahali pa nyama choma ni pazuri sana, nyama unajichagulia mwenyewe ikining'inia, lakini kuna pombe, na mama akiona chupa ya bia huomba kwa sauti. Nyingine ilikuwa na televisheni kubwa, na vijana wakigombania mpira wa Uingereza utadhani walizaliwa huko. Utamjibu mtu mambo ya ndoa saa ngapi, wakati wa penalti?

Mahali pamoja penye utulivu nilimwita dada wa hoteli pembeni, nikamuuliza kama wana meza iliyojificha kidogo.

"Ya watu wawili?" akauliza, akiniangalia kuanzia viatuni.

"Watatu. Ni ya mama yangu."

"Hapa wote husema ni ya mama, bana."

Niliapa kutorudi pale. Na chai yao ni maji.

Nikashuka Bungoma. Siku nzima nilizunguka mjini nikionja supu, na kila nilipotaja mzee wa kilimo kutoka Tongaren, anayeimba besi, watu walifurahi. "Yule? Akuje tu! Meza yake ni ile pale." Ikawa hivi: Kitale wote wanamjua mama, na Bungoma wote wanamjua mzee. Nikaanza kutamani wangejuana na watu wachache kidogo. Mwishowe, nyuma ya maduka ya spea, nilipata nyumba ya kawaida iliyofanywa hoteli. Hakukuwa na televisheni wala kibao cha nje. Kulikuwa na mapazia, kitambaa safi mezani, na mwanamke mpishi asiye na maneno mengi. Kuku wake ni wa kienyeji, na unamwagiza jana yake. Niliagiza, nikarudi kesho yake, nikala pale peke yangu nikitafuta kasoro. Mrenda wake, ile mboga ya kuteleza, ulikuwa sawa, ugali wake ulikuwa sawa, kuku alikuwa kama wa nyumbani kabisa. Kasoro nikaikosa. Nikaudhika zaidi.

Siku ya siku, Jumamosi mchana, tulimkuta mzee amefika mbele yetu. Alikuwa amevaa suti na sweta ndani yake, kofia ameiweka gotini, na ndoo ya maparachichi karibu na miguu. Alisimama mama alipoingia, akampangusia kiti kwa kitambaa cha mfukoni, halafu akanipa mkono.

"Mulembe, kijana. Nimefurahi kukuona."

"Mulembe, mzee," nikasema, kwa sauti ninayotumia kwa watu waliokosa kuleta kitambulisho.

Mama alikaa katikati yetu. Alikuwa amevaa gauni ambalo nilikuwa sijaliona. Alikuja kuangalia vile tutakaa, na akawa anaangalia kweli.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza mzee watoto wake wanasemaje.

"Mbele yangu wanasema ni vizuri," akajibu. "Nyuma yangu sijui, huko sina macho."

Nikamuuliza kwa nini anataka kuoa katika umri ule. Mama akakohoa. Mzee hakukasirika. Alifikiria kidogo, akasema kwamba ukipika ugali wa mtu mmoja, hauivi vizuri, unabaki tu kama uji umekasirika. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Sikwenda Bungoma kuchekeshwa.

Ndipo kuku akaletwa, kwenye bakuli moja kubwa, na mpishi akaliweka katikati kabisa ya meza. Juu ya vipande vyote, mahali pa kuonekana na kila mtu, palikuwa na firigisi.

Lazima nieleze, maana kuna watu hula kuku bila kujua wanakula nini. Kwetu firigisi si kipande cha nyama. Ni ya mwenye boma. Kuku akichinjwa na firigisi ikose kwa bakuli, mpishi ana kesi ya kujibu, na mgeni anaweza kuchukua kofia yake aende. Baba alipokuwa hai ilikuwa yake. Tulipotoka kumzika, mama aliiweka kwa sahani yangu bila kusema kitu, nami nikaila bila kusema kitu, na tangu hapo nikienda Kibomet ni yangu. Hoteli za mjini humkatakata kuku, firigisi inapotelea huko jikoni, na hakuna anayeuliza. Lakini mimi, mtaalamu, nilikataa hizo zote. Nilizunguka miji miwili mpaka nikapata mpishi anayejua heshima. Laiti ningewapeleka kula chipsi!

Kwa sababu sasa ilikuwa pale, na ya nani? Nikiila mimi, nimemwambia mzee kwamba boma hili lina mwenyewe, arudi kwake. Akiila yeye, amekalia kiti cha baba mbele ya macho yangu, na mimi nimempokea. Mama alikuwa ameacha kuangalia nyuso zetu. Aliangalia bakuli.

"Kijana, chukua," mzee akasema, akilisukuma kwangu. "Hii ni yako."

Alisema kwa upole, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Hapana, mzee. Wewe ndiye mgeni." Nikalirudisha.

"Mimi nimekuja tu. Wewe ndio wa nyumba."

"Siwezi kula mbele ya mkubwa wangu."

"Nimekupatia kwa roho safi."

"Nami nimekurudishia kwa roho safi."

Bakuli likaenda, likarudi, mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa safi. Kila mmoja wetu alikuwa na adabu kuliko mwenzake. Nilikuwa nampatia kile ambacho sikutaka akichukue, na nilijua kwamba akikichukua sitamsamehe. Nadhani naye alijua. Uchungu wa baba ulinirudia kana kwamba tulimzika wiki iliyopita. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na ugali mkononi, akiogopa kuja.

Mama akanyoosha mkono.

Aliishika firigisi kwa vidole viwili, akaipuliza kidogo kwa sababu ya moto, akaiweka mdomoni. Yote. Alitafuna taratibu, macho yakiangalia ukutani, kama mtu anayeonja chumvi. Alitafuna kwa muda mrefu. Nilimwangalia mama yangu, aliyewachinja na kuwanyonyoa kuku wa maisha yangu yote, na nikagundua kwamba sikuwahi kuona firigisi ikiingia mdomoni mwake. Akameza.

"Kumbe ni ngumu hivi?" akasema. "Na hii ndiyo mnapigania? Aka!"

Mzee alianza kwa mabega. Halafu kicheko kikamtoka, kile cha besi, kofia ikaanguka sakafuni, machozi yakamtoka akayafuta kwa kile kitambaa cha kupangusia viti. Mama alimtazama akicheka hivyo. Aliangalia kwa makini, kama alivyokuwa akituangalia tangu mwanzo, lakini sasa alikuwa anamwangalia mtu mmoja. Kisha akacheka na yeye, mkono mdomoni, mabega yakitikisika, na ghafla alikuwa mwanamke fulani ambaye sikumfahamu, aliyekuwepo kabla yangu.

"Lete ugali, mama," akamwambia mpishi. Akaosha vidole, akaanza kupakua. Sahani ya kwanza akampa mzee: paja, mrenda pembeni, mchuzi mwingi. Akamwambia Jumapili aje kanisani, akae mbele, watu wamuone mara moja wachoke. Ya pili akajipakulia. Mzee akamsogezea chumvi kabla hajaiomba.

Nikasogeza sahani yangu.

Mama akaniangalia kana kwamba ndio nimeingia.

"Na wewe," akasema kwa upole kabisa, "leo hauna kazi?"

"Ni Jumamosi, mama."

"Nenda uangalie watoto, baba. Umetutafutia mahali pazuri."

Nikasimama. Mzee alitaka kuinuka kuniaga, mama akamgusa mkono, akae, chakula kisipoe. Nilifika mlangoni nikageuka kuwaambia kwaheri, lakini mama alikuwa anamweleza kitu kuhusu ng'ombe wa Kibomet, na mzee alikuwa ameacha kula ili asikie. Nikatoka na njaa yangu.