Mwezi Ukijaa Jumapili

Usiku ule nililala na kompyuta ikiwa wazi kando ya mto wa kulalia, sina huzuni wala usingizi wa maana. Baba tulikuwa tumemzika siku tisa nyuma, nami sikutoa chozi hata moja. Shangazi zangu walinong'ona kuwa nina moyo wa jiwe. Sikubisha.

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Pasaka haina tarehe yake, hufuata mwezi, na yeye ndiye aliyeihesabu kila mwaka kwa daftari na maharage. Mimi nikaandika programu ya kufanya kazi hiyo. Kwa miaka minne iliyopita tulilingana, ila Pasaka ijayo yeye aliiweka wiki moja baada ya mashine. Nikasimama mbele ya halmashauri ya walei nikasema, "Mzee wangu umri umeshamtupa mkono. Tufuate mashine." Baba alifunga daftari, akatoka. Hakuligusia tena mpaka anakufa.

Nafungua mlango wa sakristia, lakini ndani ni jikoni kwetu. Baba amekaa kwenye kigoda, kavaa suti tuliyomzika nayo, anapanga maharage kwenye ungo. Sishtuki.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa tuhesabu."

Kila harage ni siku. Anafika kwenye moja jeupe, anasita.

"Hapa mwezi umejaa. Siku gani?"

"Jumapili."

"Basi ndiyo Pasaka?"

"Ndiyo, Baba. Kompyuta imesema."

Anatikisa kichwa, ananisogezea mengine saba. "Mwezi ukijaa Jumapili, mwanangu, tunangoja Jumapili inayofuata."

Nataka kumwomba radhi. Ungo ni mtupu, na kigoda hakina mtu.

Niliamka kumekucha, nikafungua programu. Kosa lilikuwa mstari mmoja tu: niliihesabu Jumapili ya mwezi mpevu yenyewe kuwa Pasaka. Nilipourekebisha, Pasaka ilisogea wiki moja, ikatua pale pale Baba alipoandika.

Nikampigia paroko. "Padri, kalenda yenye tarehe yangu isiende kuchapwa. Mzee alikuwa sahihi."

"Umejuaje?"

"Ameniambia," nikasema, na hapo kilio kikanishika, simu ikiwa bado sikioni. Nikajifuta uso.

"Naomba nafasi kwenye halmashauri," nikamwambia. "Nisimame pale pale niliposimama kumwaibisha."