Mgongo wa Kapteni Lweru

Lori lilikuwa limekwisha kuchongwa. Lilikuwa lori na mtumbwi kwa pamoja: pua ya mtumbwi, matairi ya kukunjika kama miguu ya panzi, na bomba la moshi refu ambalo likikohoa Bukoba, watu wa Muleba wanafunga madirisha. Georgina alilitengeneza ndani ya kompyuta ya ofisi, pale Kashai, saa za chakula, wenzake wakiwa wamekwenda kutafuta ndizi na maharage. Ofisi ile ilisaidia yatima, na mwaka ule wa tisini na nane yatima walijaa barazani kila asubuhi kama senene kwenye taa. Mzungu mmoja wa kujitolea, alipokuwa anarudi kwao, aliacha diski yenye programu ya kuchongea vitu, na mkuu wa ofisi akasema, "Chonga tu, mama, ila umeme ukikatika usinililie mimi." Umeme ulikatika. Lori likapotea na matairi yake yote, Georgina akaanza upya bila kumwambia mtu.

Lori halikuwa lake. Lilikuwa la marehemu kaka yake, Aristides, mchora mabango ya maduka, ambaye kwa raha zake mwenyewe alichora katuni za Kapteni Lweru. Huyo Kapteni aliendesha lori lake juu ya ziwa kwenda kuwachukua watu waliokwama visiwani, na dhoruba ikimzuia aliichomekea mrija akainywa kama pombe ya rubisi mpaka ikaisha. Watoto wa sokoni walimjua kuliko walivyomjua diwani. Uso wake ulikuwa wa Aristides mwenyewe, na masikio yale yale makubwa ya kusikilizia maneno ya jirani.

Kisha Aristides akaugua ule ugonjwa ambao matangani hakuna aliyetaka kuutaja jina, akafa. Picha yake ya kupiga haikuwepo. Zilibaki katuni.

Uso ulimtii Georgina. Alichonga nusu, akaiamuru kompyuta irudie nusu ya pili, akasogeza hapa na pale mpaka siku moja kaka yake akamtazama kutoka kwenye kioo, naye ikabidi atoke nje kidogo. Shida ilikuwa mgongo. Katuni ni kitu cha upande mmoja, na Aristides alimchora Kapteni akiwatazama wasomaji siku zote. Ndani ya kompyuta mtu huzunguka. Georgina alipomgeuza, nyuma hapakuwa na kitu: tundu tupu, kama debe lililokatwa. Alijaribu kumpa mgongo wa dereva wa ofisi, akaona Kapteni anatembea kama mtu aliyevaa koti la kuazima. Akaufuta. Hakutaka mgongo wa mtu yeyote tu. Kaka yake asingesimama popote tena isipokuwa pale, na alitaka asimame mzima.

Lakini mgongo wa Aristides hakuujua. Mwaka wa sabini na nane, ndege za adui zilipokuja juu ya Bukoba, Aristides alimsukuma Georgina mtaroni, kati ya migomba ya Kitendaguro, akamlalia. Kipande cha chuma kikampata yeye mgongoni. Tangu siku ile hakuvua shati mbele ya dada yake.

Aliyeujua ni mtu mmoja, Klaudia, mkewe, aliyemwosha mpaka mwisho. Na Klaudia walimfukuza. Matanga yalipoisha, kaka mkubwa, Kristofa, ambaye ukoo ulimfanya omusika, mrithi wa kibanja, alitangaza kwamba mwanamke yule ndiye aliyeleta ugonjwa. Godoro lake likatupwa barabarani. Georgina alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji mkononi, na hakusema neno.

Sasa Georgina alimtafuta, akamkuta kwenye mwalo mmoja wa visiwa vya Muleba, ameinamia dagaa waliotandazwa mchangani. Klaudia alikuwa amenenepa. Georgina alitazamia mifupa, akaona mikono ya mtu wa kupiga makasia.

"Karibu, wifi," Klaudia alisema bila kuinuka. "Umekuja kuona kama nimeshakufa?"

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Basi hujabadilika."

Mwenzake, mama mmoja wa Kisukuma aitwaye Sayi, alicheka. "Mpe kigoda, Klaudia, asije akakalia dagaa wetu tukauza na gauni lake."

Georgina alikaa. Alieleza habari ya kompyuta, ya lori, ya uso, ya lile tundu. Sayi aliacha kucheka.

"Watu huja hapa kutafuta samaki," Klaudia alisema, "wewe unatafuta mgongo wa maiti. Mgongo upi sasa? Wa kabla, au wa mwisho?"

Georgina hakuwa amefikiri kwamba ni miwili.

"Maana wa mwisho mbavu zake ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa namgeuza, waitu jamani, upande huu, upande huu, ngozi isigande kwenye shuka. Nikisinzia, naota nageuza. Nyinyi mlikuwa mnapika chai uani."

"Nieleze yote miwili."

"Hapa sielezi." Klaudia alikung'uta magamba mikononi. "Mgongo wake umelala Kitendaguro, kwenye kibanja nilichokipalilia mimi. Nipitishe pale mchana, Kristofa akiwa macho, nami nitakuonyesha. Ukiogopa, mpe huyo Kapteni wako mgongo wa kuku."

Boti ilikuwa inaita abiria. Georgina alitazama maji, kisha akasema, "Jumapili, baada ya misa. Nitakungoja stendi."

Jumapili Klaudia alishuka kwenye gari amevaa kitenge kipya na viatu, kama mtu anayekwenda kuposwa. Walipanda Kitendaguro kwa miguu. Majirani waliacha sufuria zikaungua. Wakapita penye uzio, wakaingia kwenye kivuli cha migomba, na Kristofa akatokea na mundu wa kupogolea majani, suruali imefungwa kwa mkanda uliomzunguka karibu mara mbili.

"Georgina. Huyo anatafuta nini hapa?"

"Amekuja kwa mumewe."

"Mumewe yuko chini."

"Ndiko tunakokwenda, kaka."

"Ukoo ulishaamua!"

"Uliamua, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Alimwosha sisi tukiziba pua. Apite."

Kristofa aliinua mundu kidogo, kisha kikohozi kikamshika, akajiegemeza kwenye mgomba. Kilipomwachia, wanawake walikuwa wameshapita.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limefunikwa na majani makavu. Klaudia aliyaondoa yote kwanza, taratibu, kama anayemfunua mtu aliyelala. Kisha akasema, "Geuka."

Georgina akageuka. Kidole cha Klaudia kikamgusa chini ya shingo, juu ya gauni, kikaanza kushuka.

"Hapa palikuwa na mfereji, jasho lilipita hapa akichora. Mabega hayakulingana, la kulia lilishuka. Hapa," kidole kilichora duara pana kama jani la mbuni, "ndipo chuma kilipoingia. Kovu lilikuwa laini, kama shavu la mtoto. Akicheka lilicheka nalo. Na hapa chini, siku za mwisho, palifunguka vidonda. Huku. Na huku."

Georgina alisimama na machozi yakimtiririka, akisoma kwa ngozi. Jumatatu angeliziba lile tundu, bega moja chini ya lingine, na vidonda asingeviacha nje. Alikuwa anajua hivyo tayari.

"Ulipaka nini?"

Ilikuwa sauti ya Kristofa. Alikuwa amewafuata, amesimama kwenye migomba, mundu ameuacha mahali.

"Nini, shemeji?"

"Hapo palipofunguka. Ulimpaka nini?"

Klaudia aligeuka. Alimtazama mkanda, akamtazama macho. Georgina alingoja tusi, maana Kristofa alilistahili, na Klaudia alikuwa na mdomo wa kulitoa.

"Sogea huku," Klaudia alisema. "Vua shati, nione ugonjwa ulipofikia."

Kristofa aligeukia barabarani kutazama kama majirani bado wapo. Walikuwepo wote. Akaanza kufungua vifungo.