Matone Niliyoyaruka Siku za Kuosha

Watu wananipa pole wakidhani dawa ndiyo imeniharibu macho. Hapana. Nimejiharibu mwenyewe, na akili zangu timamu kabisa.

Kazi yangu hapa Nyangoto ilikuwa kusoma karai. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchanga wake unapitishwa na maji juu ya mablanketi, na kile kinachonasa kinaletwa kwenye karai. Hapo ndipo nilipoitwa mimi. Nazungusha, nainamisha, nauondoa mchanga mweusi kidogo kidogo, halafu nasema kama dhahabu ipo au wamechoka bure. Wanaume wazima, wengine wametoka Shinyanga huko na jeuri zao, walikuwa wananyamaza kimya wakiningoja. Sitaki kudanganya, nilipenda sana kungojwa.

Kisha nikaambiwa nina presha ya macho. Daktari wa mjini, kijana mpole, aliniamkia shikamoo kwanza ndipo akanieleza: kilichopotea hakirudi, kilichobaki tutakilinda kwa matone, mara nne kwa siku, maisha yangu yote. Akasema dawa hiyo hiyo ipo ya vidonge pia, wanapewa waliokaukiwa na mate mdomoni. Nikacheka. Mate ya nini, na mimi naelekea upofu?

Kumbe hakuwa anatania. Nikidondosha tu, dawa inashuka hadi kooni na mdomo unajaa mate kama wa ndama anayenyonya. Jasho linanitoka nimekaa kivulini. Paji la uso linauma. Hayo yote niliyavumilia, nisingekosana na dawa kwa ajili ya mate. Lakini mboni zilisinyaa zikawa kama punje ya ulezi, na mchana ukawa jioni. Kwenye karai sikuweza tena kutofautisha mchanga na mali.

Siku moja nikatamka mbele ya watu, "Hakuna kitu." Mwenye mawe akalichukua karai, akampa mwingine alitazame. Ilikuwepo. Inang'aa! Wakacheka, kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Mura, mama amezeeka." Aibu ile niliondoka nayo hadi nyumbani.

Nikajiambia, dawa hii ndiyo inayonipofusha. Basi siku za kuosha mchanga nikawa siiweki. Na wallahi niliona! Kila chembe niliiona. Ningejuaje kwamba ninakula kilichobaki? Siku za kuosha zilikuwa nyingi kuliko za kupumzika, na chupa ikawa inakaa mwezi mzima bila kupungua.

Ila tarehe ya kliniki ikikaribia, nadondosha siku mbili tatu mfululizo, kwa saa, kama mgonjwa mwema. Daktari anapima, anafurahi. "Presha imeshuka, mama. Hongera sana. Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe." Nami naitikia, "Asante, mwanangu." Shetani gani aliyenikalia kichwani, sijui.

Ugonjwa huu hauumi. Ungeuma ningeshika adabu. Nilianza tu kukanyaga vitu upande wa kushoto. Nikafoka, "Nani ameweka ndoo hapa?" Binti yangu, ambaye naishi naye, anaiondoa ndoo, na kesho yake nagonga mlango.

Safari iliyofuata kliniki walinikalisha mbele ya mashine, wakanipa kitufe. Kila nikiona taa nibonyeze. Nikaona mbili tatu, halafu basi. Nikakaa. Nikakaa tena. Mwisho nikauliza, "Daktari, umeme umekatika?"

Akakichukua kitufe mkononi mwangu. "Taa zimekuwa zinawaka muda wote, mama."

Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu dogo, natazama dunia kama niko ndani ya bomba. Yule kijana alipekua faili langu mara mbili, akisema presha ilikuwa nzuri, labda yeye ndiye hakunichagulia dawa inayonifaa. Hapo nilishindwa, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa nadondosha mara nne kila siku, siruki hata tone. Nadondosha mpaka kwenye jicho lisiloona, maana sijui nifanye nini kingine. Karai analisoma binti yangu. Amejifunza kwangu, na kwa heshima yake, kila anapomaliza kuzungusha ananiletea mimi kwanza: "Mama, tazama."

Wiki iliyopita aliniwekea karai mikononi, wanaume wametuzunguka. Nikaliinamisha kwenye jua. Nikaona kipande cha maji, na giza pembeni yake. Wote kimya, wananingoja kama zamani, na moyo wangu ukanisaliti.

"Ipo," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Binti yangu akalipokea karai, akasema, "Asante, mama." Kisha nikamsikia akiumwaga ule mchanga chini, taratibu, ili nisisikie.