Fundi Aliyesema Alisahau Kukaza

Thillainathan hakuwa fundi wa haraka, wala hakusifika kwa kuchonga. Katika mtaa wa maseremala wa Karaikudi, kusini mwa India, walikuwepo watu wa kuchonga tausi juu ya mlango mpaka ukadhani ataruka. Yeye alikuwa na jina la uangalifu, basi. Miaka ishirini na sita ya mashine na vidole vyake vyote kumi vilikuwepo, na hapo mtaani hilo halikuwa jambo dogo. Mtu akiwa na mbao za msaji wa zamani, zile zilizoletwa na mababu na zisizopatikana tena, aliambiwa, "Mpelekee Thillai. Atakuchelewesha, lakini hatakuharibia." Kwa jina hilo mkewe, Alamelu, alikula na kuheshimiwa tangu siku aliyoolewa.

Uangalifu wenyewe ulikuwa wa kuchosha. Kabla ya kubadilisha kisu cha mashine ya ruta, ile ya kuchimba mifereji na nakshi kwenye mbao, alichomoa plagi ukutani na kuiweka mezani mbele ya macho yake, maana swichi hakuiamini. Alikagua makali, akafuta shina la kisu kwa kitambaa kikavu, akalitia katika mdomo wa mashine mpaka likagonga ndani, kisha akalirudisha nje kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Ndipo akakaza nati kwa spana mbili, moja ikishika, nyingine ikizungusha. Mbao aliibana mezani pande zote mbili. Alivaa miwani, akafunga msuli wake juu ya magoti, akavua hata uzi wa baraka mkononi na kuuweka dirishani. Mashine aliiwasha ikiwa hewani, akasubiri mlio wake utulie, halafu akaisukuma kwa mikono miwili kutoka kushoto kwenda kulia, akila mbao kidogo kidogo.

Jirani yake Sevugan, fundi wa kupaka vanishi, alikuwa akisimama mlangoni kumtania.

"Kaka Thillai, hiyo mashine umeshaioa au bado mnachumbiana?"

"Cheka tu. Brashi yako haing'ati."

Kila mwaka, katika sikukuu ya zana, mafundi wote walisimamisha kazi, wakasafisha vyombo vyao, wakavipaka liwa na unga mwekundu, wakaviweka mbele ya taa na maua, na mpaka kesho yake hakuna aliyevigusa. Siku hiyo Thillai alikuwa na jambo lake moja ambalo Alamelu hakuwahi kuliona. Kabla mafuta na liwa havijaletwa, alifungua nati ya ruta pamoja na pete yake ya kubania, akavitia mfukoni. Kesho yake akavirudisha. Hakueleza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Mwaka ule sikukuu ilimkuta kitandani na homa. Alamelu alikwenda karakanani peke yake. Alipangusa patasi moja moja, akapangusa randa na misumeno, akataka kila chombo kipate haki yake sawasawa na kingine. Alipofika kwenye ruta akauona mdomo wake umekauka na una vumbi, kama mdomo wa mgonjwa. Akachovya kidole katika mafuta ya ufuta ya taa, akaupaka kwa ndani, akizungusha kidole taratibu huku akiomba, "Bwana Murugan, ilinde mikono ya mume wangu."

Kesho yake ilikuwa siku ya heri ya kuanza kazi. Thillai aliamka akiyumba, na karakanani mbao za mteja wake zilikuwa zinamngoja.

"Lala," Alamelu alimwambia. "Mungu hana haraka na mlango wa Mzee Solaiyappan."

"Mstari mmoja tu. Mungu aone nimeanza, kisha nitalala."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka utaniokota. Si ndiyo kazi uliyoolewea?"

Alicheka, Alamelu naye akacheka, akarudi jikoni kutazama vitumbua vya mvuke. Thillai alichomoa plagi, akafuta shina la kisu, akakaza kwa spana mbili. Yote aliyafanya. Lakini homa ilimsahaulisha kwamba mwaka huu nati haikulala mfukoni mwake.

Alamelu aliusikia mlio wa mashine ukianza mwembamba kama kawaida. Halafu ukawa mzito, kama mtu anayekabwa, ukakatika. Alipofika, Sevugan alishatangulia, anafunga mkono wa kulia wa Thillai kwa kilemba. Kisu kilikuwa kimeteleza kutoka mdomoni, kikazama na kutoboa ubao hadi upande wa pili. Mashine ikaruka, na kisu kikamchana chini ya kidole gumba, ndani kabisa.

"Nilisahau kukaza," Thillai alisema. Akarudia kwa sauti, watu waliojaa mlangoni wasikie. "Nilisahau kukaza!" Wala hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Thillai alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka tisa. Kidonda kilishonwa, kikafunguka, kikashonwa tena. Hospitali walimpa dawa hii na ile, Alamelu akafunga kula siku za Jumanne, akazunguka hekalu kwa magoti. Wiki ya tatu daktari alisema mkono ukibaki, mtu hatabaki. Wakaukata kwenye kifundo.

Mtaani jina lilianza kuoza siku ileile ya ajali. Kwenye kibanda cha chai walisema, "Spana zote mbili, na hakukumbuka hata moja." Mzee Solaiyappan alikuja na mkokoteni kuchukua mbao zake. Hakuwa na ubaya. Alileta ndizi za mgonjwa.

"Sina kinyongo, Thillai. Lakini hizi ni mbao za babu yangu. Fundi anayesahau kukaza, utanisamehe, hata angekuwa na mikono mitatu nisingemwachia."

"Haki yako, mzee," Thillai alijibu.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka karakana ikabaki na maranda. Alamelu alishindwa kuvumilia.

"Wewe? Wewe usahau kukaza? Wewe unayekaza kopo la chumvi mpaka naita majirani kulifungua?"

"Mtu huzeeka, Alamelu."

"Uzee wa siku moja?"

Thillai akageukia ukutani. Alipenda sana jina lile. Alamelu alijua kuliko mtu mwingine yeyote, na hakuelewa mtu anawezaje kulitupa kwa mdomo wake mwenyewe, tena bila kulipigania.

Alifariki katika Margazhi, mwezi wa baridi na ibada, sumu ya kidonda ikiwa imepanda mwilini. Asubuhi ile wanawake walikuwa wakichora mapambo ya unga mbele ya milango yao, na mbele ya mlango wake hapakuchorwa kitu. Mungu amlaze mahali pema.

Baada ya ibada ya siku ya kumi na sita ya msiba, wageni wakishaondoka, Sevugan alibaki ameketi kizingitini.

"Dada, kaka alinikataza nisiseme. Nimejaribu kukaa nalo, halikaliki."

"Sema."

"Siku ile nilipoingia, damu inamwagika, lakini kidonda hakukishika. Alishika kisu cha mashine kwa mkono wa kushoto, anakifuta kwenye msuli wake. Shina lilikuwa linateleza. Lilinukia mafuta ya ufuta."

Alamelu alikaa chini.

"Na nati?"

"Ilikazwa, dada. Niliijaribu mwenyewe, haikusogea. Lakini chuma chenye mafuta hakibani kisu, hata ungekikaza na tembo. Akaniambia, Sevugan, ukimwambia Alamelu nitakudai mbele ya Mungu."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni homa, dada. Ni siku mbaya."

"Mungu hakuniomba nitie mafuta mle ndani. Nilitia mwenyewe, kwa kidole hiki." Akakitazama kama si chake. "Niache, Sevugan. Nenda."

Kwa siku nyingi hakuweza kuwasha taa ya nyumbani. Kila akishika chupa ya mafuta aliirudisha ilipokuwa. Hekaluni aliendelea kwenda. Alisimama na wenzake, akaimba walichoimba, akarudi. Alichokuwa akimuuliza Mungu hakikujibiwa, naye hakuacha kuuliza.

Mwishowe aliona kwamba mkono haurudi na mwenye mkono harudi, kilichobaki cha kurudisha ni jina tu. Jumapili moja mafundi wakiwa wamekutana kwenye kibanda cha chai, Mzee Solaiyappan akiwa katikati yao, Alamelu alisimama mbele yao na kueleza kila kitu: homa, kidole, mafuta, nati iliyokazwa. Hakujificha wala hakulia. Alitaka aibu yote ihamie kwake.

Kisha fundi mmoja akasema kwa upole, "Lakini mama, mafuta ya ufuta, tone moja? Spana mbili zikikaza, zimekaza."

"Sevugan aliona."

"Niliona," Sevugan alisema. "Naapa kwa Murugan."

"Wewe ungemwapia hata angeiba ng'ombe," mwingine akamjibu, na wachache wakacheka, wakajizuia.

Mzee Solaiyappan akamsogezea Alamelu kiti. "Mama, hakuna anayemlaumu. Mwenyewe alikiri mbele ya mtaa mzima. Mke anayebeba kosa la mumewe ni mke mwema, Mungu atakulipa. Mleteeni chai."

Chai ikaja, na sukari nyingi. Kila aliyekuwepo alimtazama kwa huruma, na Alamelu akaona kwamba kadiri anavyosema ndivyo wanavyozidi kumwona mwema na mumewe mzembe. Akanywa nusu, akaaga.

Mwezi wa pili baada ya hapo, akitoka sokoni, alipita mbele ya karakana moja. Fundi alikuwa akimfundisha mfanyakazi mpya mashine ya ruta.

"Chomoa plagi kwanza. Haya, tia kisu. Kaza. Kaza tena, bwana, usije ukawa Thillai!"

Alamelu alisimama na kikapu chake.

"Hakusahau kukaza," alisema. "Mwambie aangalie mdomoni kwa ndani, pawe pakavu."

Fundi aligeuka, akamtambua, akaweka mkono kifuani kwa heshima.

"Sawa, mama. Pole sana, mama. Nenda salama."

Akamwashiria mfanyakazi achomeke plagi. Alamelu alikuwa bado anasema, lakini mashine ilishaanza kulia, na wote wawili walikuwa wameinamia mbao.