Haiwezi Kujulikana

Nilipomaliza kidato cha sita nilirudi nyumbani Shishiyu kusubiri, na kusubiri kwenyewe kukawa kazi. Miaka hiyo chama chetu cha ushirika kilikuwa kimebaki jina na ghala tupu. Pamba ilinunuliwa na kampuni za watu binafsi, kila moja na mizani yake. Moja ikatangaza nafasi za makarani huko Bariadi. Nikaazima viatu vya shangazi yangu, nikaenda.

Nilitegemea hesabu na Kiingereza. Nikakuta karatasi yenye maelezo mafupi mafupi, na chini ya kila moja majibu matatu: lazima ni kweli, lazima si kweli, haiwezi kujulikana. Swali la kwanza nalikumbuka hadi leo. Pamba yote iliyolowa hukataliwa kituoni. Pamba ya mkulima huyu imekataliwa. Je, ilikuwa imelowa?

Nimekulia kwenye pamba. Nikaweka alama kwenye kweli. Kisha nikakumbuka wanaochanganya mchanga ili kuongeza uzito, ambao nao hukataliwa, nikafuta. Kisha nikajiuliza huo mchanga nimeutoa wapi ilhali swali halikuutaja, nikairudisha alama yangu. Karatasi ikaanza kutoboka. Nikanyoosha mkono.

"Samahani kaka, mkulima huyu ni wa wapi?"

Msimamizi, kijana aliyetoka Dar, akatabasamu. "Dada, hapa usitumie unayoyajua. Tumia yaliyoandikwa tu."

"Lakini ninayoyajua ni ya kweli."

"Yaache nje, utayakuta ukitoka."

Wenzangu wakacheka. Tulipomaliza nilimfuata, naye akanieleza bila dharau: iliyolowa yote inakataliwa, sawa, ila hakuna aliyesema kwamba yote inayokataliwa imelowa. Kwa hiyo haiwezi kujulikana. Niliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Shuleni kwetu kila swali lilikuwa na jibu, na asiyelijua alichapwa. Sasa kutojua kumekuwa jibu? Hata hivyo nilipita, nikaambiwa nirudi baada ya wiki chache kwa mtihani wa pili.

Nyumbani nilikuta ng'ombe wa jirani yetu wanakufa. Walikuwa wanavimba tezi, wanahema, wanaanguka. Josho la kijiji la kuogeshea mifugo lilikuwa limekauka tangu serikali ilipoacha kuleta dawa, na kupe walikuwa wamejaa hadi masikioni mwa ndama. Lakini jirani hakwenda kwa bwana mifugo. Alikwenda kwa mganga.

Jioni hiyo sungusungu, walinzi wa kijiji, walimwita baba, nami nikafuatana naye. Wanaume walikuwa wameketi uani kwa jirani, wengine wamepakata mishale yao. Jirani alisimama akasema mganga ameona. Aliyefanya ni mwanamke, hana mtoto, na anakaa upande wa machweo.

Hakuna aliyetaja jina. Wote walimtazama baba. Dada yake, yule shangazi wa viatu, alikuwa ameachika kwa kukosa mtoto, na nyumba yake ilikuwa upande wa machweo kabisa wa boma letu. Ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa.

Nilihisi kitu kinaniwaka kichwani. Hili nalijua! Hili ni swali la kwanza!

"Mzee wangu," nikamwambia jirani, "mganga kasema mchawi ni mwanamke wa upande wa machweo asiye na mtoto. Hakusema kila mwanamke wa namna hiyo ni mchawi. Halafu josho halina dawa. Huenda ni kupe."

"Josho halina dawa kwa wote," akajibu. "Mbona ng'ombe wenu wazima?"

Kweli, wetu walikuwa wazima. Mpaka leo sijui kwa nini.

"Basi haijulikani," nikasema. "Haiwezi kujulikana kama ni yeye."

Kiongozi wa sungusungu, mtu mpole aliyezoea kuimba kwaya kanisani kwetu, akaniinamia kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Mayo, mama yangu, wewe umesoma. Haijulikani kama ni yeye. Je, inajulikana kwamba si yeye?"

Kwa kanuni ileile niliyofundishwa Bariadi, jibu lilikuwa moja tu, na sikutaka kulitoa. Baba alinishika mkono tukaondoka. Nyuma yetu nilisikia mtu akisema, "Hata mwanao wa kidato cha sita kashindwa kukataa."

Baba hakusubiri waamue. Asubuhi alimtafutia shangazi lifti ya lori la pamba, aende Kalemela kwa ndugu zetu wanaovua ziwani. Nilimsaidia kufunga vyombo.

"Walikuuliza?" shangazi akaniuliza.

"Waliuliza."

"Ukawajibu nini?"

"Niliwaambia haijulikani."

Aliacha kufunga kamba. "Haijulikani? Mimi?"

Nikaanza kumweleza: pamba iliyolowa, pamba iliyokataliwa, majibu matatu. Alinisikiliza hadi mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nami nilivyozidi kupotea. Kisha akapanda lori.

Baada ya yeye kuondoka, ng'ombe wa jirani hawakufa tena. Kiangazi kilikuwa kimeingia, na kiangazi kupe hupungua. Ila jirani alikuwa akinisalimia "Mwangaluka" kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nami nilijua kwamba hilo halithibitishi chochote, na nilijua kuwa kusema hivyo hakutamrudisha mtu. Mtihani wa pili niliufanya vizuri. Nilipata kazi.

Nilipopata likizo nilikwenda Kalemela. Nilimkuta shangazi ufukweni akianua dagaa, amenenepa, anabishana na wanawake wenzake kuhusu mawingu, kama yataleta mvua. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za baba na za mguu wake unaomsumbua. Tulikula, tukaongea mengi, ila ya Shishiyu hakuyagusa. Nilitaka kumwambia kitu, lakini kila sentensi niliyoipanga ilianza na "ikiwa". Alinifungia dagaa kwenye kanga kuukuu, akanisindikiza barabarani. Gari lilipokuja alisema nimsalimie baba, nami nikasema nitamsalimia.