Mlango Uliokuwa Ukilia

Katika ua mmoja mjini Bukhara, fundi aliyekuwa jirani wa Oygul hakupaka rangi juu ya kutu kamwe. Aliikwangua mpaka bati ling'ae, akipuliza vumbi kama anayepoza chai ya mtoto. Hivyo ndivyo alivyoifufua Moskvichi, gari kuukuu la marehemu baba yake, ili mama yake asiyeona aipande tena. Oygul akasaidia kumketisha ajuza. Mlango ukafungwa kimya.

"Gari la nani hili? La baba yako mlango wake ulikuwa ukilia kama punda."

"Nimeutia grisi, mama."

"Basi nishusheni."

Wakamshusha. Mwanawe akaifuta grisi yote, akailegeza bawaba aliyoihangaikia wiki nzima, akaufungua na kuufunga mlango mpaka ukalia.

Mama akapanda tena, akajiegemeza kitini. "Twende. Na usikimbize, baba yako hakukimbiza."