Betri Iliyokufa Kila Siku ya Tatu

Ninaandika haya nikiwa na madaftari yangu ya kazini pembeni, kwa sababu kichwa changu sikiamini sana. Niliishia darasa la saba. Umeme wa magari nilijifunza Migori, ng'ambo ya mpaka, kwa mume wa shangazi yangu, na yeye ndiye aliyenizoesha kuandika kila jioni nilichogusa mchana. Siandiki vizuri. Lakini katika habari ya gari hili daftari lilijua kuliko mimi, kwa hiyo nalifuata.

Ilikuwa Kewanja, machimboni Tarime, miaka ile ambayo duara, yaani shimo la mchimbaji, likitema dhahabu leo, kesho mwenyewe anaonekana na kitu ambacho jana hakuwa nacho. Mmoja alinunua friji kabla nguzo za umeme hazijafika kwake. Huyu ninayemsema alinunua gari la spoti. Lilikuwa la zamani, la milango miwili, jekundu lililoanza kupauka mgongoni, tumbo karibu na ardhi. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti. Ukiziwasha zinainuka kama macho ya chura. Lilipitia Sirari, kwa muuzaji aliyemwambia, "Hii gari ni kali, boss, Tarime nzima hakuna." Hapo hakudanganya. Barabara zetu si za gari kama lile, na wengi tulicheka. Ila niwe mkweli, siku alipolileta mara ya kwanza mimi nami niliweka spana chini nikaenda kulitazama.

Mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, kutoka upande wa Geita, mchimbaji wa muda mrefu, viganja bado vina nyufa. Tulimwita bosi. Alipanga nyumba yenye uzio si mbali na banda langu, akaweka mlinzi, mzee wa Nyanungu ambaye ng'ombe wake aliwaachia wanawe akaja kutafuta mshahara. Mzee huyo hakuwa mtu wa hivi hivi. Kwao alikuwa mmoja wa wazee wanaokaa ritongo, ule mkutano wa hadhara ambako mtu anayetajwa kwa wizi husimama akaulizwa mbele ya ukoo na majirani. Yeye alikaa upande wa wanaouliza.

Shida ya gari ilikuwa hivi. Bosi akilitembeza kila siku, linawaka. Akiliacha siku mbili, ya tatu ukizungusha ufunguo unasikia tik, basi. Walilibusti kwa betri ya lori, likawaka, wiki iliyofuata yakawa yale yale.

Nilianza na betri yenyewe. Niliichaji, na lilipokufa tena nikaichaji nikaiacha juu ya meza yangu siku tatu bila kuigusa. Siku ya nne ilikuwa na nguvu zake zote. Nikairudisha, gari likaenda zake. Wiki iliyofuata lilipokufa tena, tukaliwasha kwa betri ya lori, nikaweka mita. Alternata ilikuwa inachaji kama inavyotakiwa. Kwa hiyo betri nzima, na inalishwa. Kilichobaki ni kwamba kuna kitu kinainyonya gari likiwa limelala. Hapo ndipo fundi mwenye akili angetulia. Mimi niliona bolti za vichwa vya betri zimetafunwa upya, chuma kinang'aa, nikasema kwa sauti, bosi akiwa amesimama pale pale:

"Hii betri inatolewa na kurudishwa."

Sikutaja mtu. Nimejitetea kwa neno hilo mara nyingi, na si utetezi. Nyuma ya ule uzio kulikuwa na kibanda cha kuchajia simu na kuonyesha video, vyote kwa nguvu za betri, na mwenye kibanda alikuwa mtoto wa dada yake yule mlinzi. Kewanja nzima ilijua. Betri ya gari ikitolewa jioni na kurudishwa alfajiri, filamu mbili zimeshatazamwa. Bosi akasema, "Kumbe."

Alimwita mzee saa ile ile.

"Mzee, mimi nakulipa, chai nakunywesha. Betri yangu inakwenda kwa mpwa wako?"

Kwa jinsi watu wengine wenye hela walivyokuwa wanafanya pale, bosi alikuwa mpole. Hakumshika shati, hakuita vijana. Lakini mafundi wawili wa pikipiki walikuwa karibu, na mmoja hakujizuia.

"Kumbe lile sinema la juzi tumeangalia kwa gari la spoti! Ndiyo maana lilikuwa linakimbia."

Walicheka. Mzee hakucheka. Hakumtazama bosi, alinitazama mimi.

"Mura, wewe umeniona?"

Mura ni kijana kwa Kikurya, na tata ni baba. Nilisema, "Sijasema ni wewe, tata."

"Sijauliza umesema nini. Nimeuliza umeona?"

Nikasema bolti zinaonyesha. Akatikisa kichwa, akamwambia bosi kwamba hatatoka kazini kama mwizi anayekimbia, wala hatabaki kama mwizi aliyesamehewa. Atalinda mpaka Jumamosi, na Jumamosi waende Nyanungu, ritongo, wakamseme mbele ya watu wake. Bosi, kwa kuwa si mwenyeji, aliona ni jambo jepesi. "Sawa, twende," akasema, kama mtu anayealikwa chakula.

Mimi nilijua si jepesi. Mama yangu ni Mkurya. Mzee akipatikana na neno pale, hatakaa tena na wanaouliza mpaka afe. Na hata akitoka safi, kama hakuna kitu cha kuonyesha, wapo watakaobaki na lile la kwanza walilosikia.

Jioni ile nilifungua daftari niandike. Nilipotaka kuandika habari ya bolti, nikarudi nyuma kurasa mbili kutafuta siku gari lilipofika kwangu. Nikakuta mwandiko wangu: "Gari ndogo nyekundu, nimetoa betri, nimechaji." Siku chache mbele: "Gari ndogo nyekundu, nimetoa betri tena, nimeweka mezani." Nikachukua spana yangu namba kumi, ile yenye mdomo uliolika upande mmoja, nikaijaribu kwenye bolti mpya. Ilitafuna vile vile. Ile alama niliyomwonyesha bosi ilikuwa ya mkono wangu.

Siwezi kusema kwamba nilikimbia kwenda kusema. Nililala nayo. Nilijiambia kwamba alama kuwa zangu hakumsafishi mzee, kwa sababu betri bado inakufa, na hilo ni kweli kiufundi. Pia niliogopa kuonekana fundi asiyejua spana yake.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Mzee alikuwa amekaa kivulini ndani ya uzio anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Nimekuja kuuliza. Gari hili usiku, wewe unayelilinda, huwa unaona nini?"

Aliendelea kuchonga. Kisha akasema, "Leo ndiyo unauliza."

"Ndiyo, leo."

"Naona mwanga."

"Mwanga wa nini?"

"Hapo nyuma, kwenye mstari wa buti. Mwembamba kama uzi. Unawaka usiku kucha. Usiku wa pili unafifia, kama jicho la mgonjwa."

"Na hukumwambia bosi?"

Hapo aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuchungulia bafuni kwa mkwewe. "Mle ana mawe yake. Mchimbaji akiweka mawe na dawa zake, wewe mlinzi utamuuliza yanawakaje? Nililinda. Sikuchungulia."

Nilikwenda nyuma ya gari. Kufuli nilikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza, na hata kulisifia. Bosi hakuamini kitasa cha kiwandani, kwa hiyo alimwita mchomeleaji akapiga komeo la chuma na kufuli la kufungia duka. Sasa nikaweka kidole. Lile komeo lilikuwa limechomelewa buti likiwa limejaa viroba, kwa hiyo liliushikilia mfuniko juu, nafasi ya kidole kimoja. Umefungwa lakini haujakaa. Na gari la namna ile lina kitaa ndani ya buti, na kitufe kidogo ukingoni ambacho mfuniko ukikaa unakibonyeza ili taa izime. Kile kitufe, tangu komeo lilipopigwa, hakikuwa kimebonyezwa na kitu chochote.

Nilimwita bosi. Nikamweleza, nikamwomba afungue buti.

"Buti halifunguliwi mbele ya mtu," akasema. "Jiwe likionwa na jicho la pili kabla halijasagwa, dhahabu inahama. Muulize mchimbaji yeyote."

Sikubishana naye. Sijui dhahabu inavyokwenda, na alikuwa ameipata yeye, si mimi. Nikafikiri, nikamwambia, "Basi mimi na mzee tutakaa mbele. Boneti ikiwa juu hatuoni nyuma. Wewe fungua peke yako, fanya nitakachokwambia."

Nikainua boneti. Nikafungua waya hasi wa betri, nikaunganisha taa yangu ya kupimia kati ya waya na kichwa cha betri. Ni kitaa tu cha indiketa chenye nyaya mbili. Kama hakuna kinachokula umeme, hakiwaki. Gari lilikuwa limezimwa kila kitu, ufunguo uko mfukoni mwa bosi. Kitaa kikawaka, kwa unyonge, chekundu kama ncha ya sigara.

"Huyo ndiye mwizi?" mzee akauliza.

"Huyo ni alama yake, tata. Subiri."

Tulisikia kufuli, kisha mfuniko ukilia. Mimi na mzee tulisimama bega kwa bega, macho kwenye kitaa, kama watu wanaongoja maziwa yachemke.

"Bosi, kuna taa ndogo pembeni, iguse."

"Hii hapa. Ina joto!"

"Sasa ukingoni kuna kitufe cha mpira. Kibonyeze."

Kitaa kilizima.

"Achia."

Kikawaka.

"Bonyeza tena," mzee akasema, kwa sauti ambayo nadhani ndiyo anayotumia ritongo. Kikazima. "Achia." Kikawaka. Alimfanya bosi arudie mara tano au sita, daftari linasema sita, mpaka bosi akapaza sauti kutoka nyuma, "Mzee, kidole kinauma!"

"Kiume kidogo," mzee akasema.

Bosi alifunga kufuli lake, akaja mbele akiwa na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Kisha akasema mbele yangu, "Mzee wangu, nisamehe. Yaishe hapa hapa. Nyanungu tusiende tena."

Nilitamani mzee akubali. Ilikuwa kwa faida yangu.

"Jambo lilisemwa mbele ya watu," mzee akajibu. "Wale wa pikipiki wameshalifikisha kwetu tangu juzi. Ninyi mtalimaliza uani? Kesho tutakwenda."

Jumamosi bosi alitaka kumpakia. Mzee alikataa. "Gari niliyoambiwa nimeiibia moto wa betri siipandi," akasema, akaondoka na bodaboda mapema. Bosi na mimi tulikwenda kwa gari la spoti, viroba vimeshushwa, tukikwaruza tumbo njia nzima. Mara mbili nilishuka kuondoa jiwe.

Ritongo ilikuwa uwanjani, wazee wamekaa kwenye majani, wengine tumesimama. Mzee wetu hakukaa upande wake. Alisimama katikati. Bosi alisema kwa Kiswahili, kwa ufupi na vizuri, kwamba alimshuku kwa maneno ya fundi, na kwamba kosa lilikuwa kufuli lake mwenyewe. Nilidhani imekwisha. Mzee mmoja akaniita mbele.

"Wewe ndiye fundi? Ulisema betri inatolewa. Nani alikuwa anaitoa?"

Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Mimi. Alama nilizoziona zilikuwa za spana yangu. Nilisahau kwamba niliitoa mimi mwenyewe, na nilipokumbuka nilikaa bila kusema mpaka leo."

Kulikuwa na kicheko, si kikubwa. Bosi aligeuka akanitazama. Hayo hakuwa anayajua. Yule mzee akamuuliza mlinzi kama anataka tule kiapo au kuna jambo jingine analodai.

"Sidai," mzee akasema. "Arudie tu. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Mzee akaniambia nirudie tena, kwa Kikurya, kwa ajili ya wanawake waliotoka shambani, waliosimama mbali. Kikurya changu ni cha mama, si cha mkutano, na nililitafuta neno la spana nikalikosa, nikasema chuma changu. Hapo walicheka kweli. Mzee akaenda akakaa kwenye majani na wenzake, na jambo lililofuata lilikuwa la ng'ombe wa mtu mwingine, naye aliuliza swali la kwanza.

Bosi alilisogeza komeo, mfuniko ukakaa, na betri ile haikufa tena kwa muda wote gari lilipokuwa kwetu. Kama yale mawe yalikuwa na dhahabu sikuambiwa. Mzee alilinda mpaka mwisho wa mwezi akarudi kwao. Tulikutana mara kadhaa baadaye, mnadani na njiani, na kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akauliza, bila hasira ninayoweza kuithibitisha:

"Na leo, mura, umeona au umedhani?"